Nilimwandika mjomba wangu kuwa mtu wa ng'ambo: kisa cha filamu yetu ya mpakani, Bunia, enzi za Zaire

Wakuu, nawasalimu kutoka Bunia. Mvua inanyesha tangu asubuhi na umeme umerudi sasa hivi, kwa hiyo naandika haraka kabla haujabadili nia.

Mimi ni msomaji wa kimya humu. Juzi mdau mmoja aliuliza kama filamu za maisha halisi, hizi documentary, zinaweza kuwarudisha pamoja watu waliogawanywa na mipaka ya nchi. Komenti zilikuwa nyingi, na nyingine nzuri sana. Mimi nilianza kuandika yangu, nikafuta. Nikaanza tena, nikafuta. Mwisho nikaona ni afadhali nifungue uzi.

Hii si chai. Yaliyomo yalinipata, na pale nilipokosea sitajipamba. Majina nimebadilisha, isipokuwa moja, na mtajua kwa nini.

Jambo dogo la lugha: Kiswahili changu kimepitia vitabuni, lakini watu wangu nitawaacha waseme kile chetu cha Bunia. Mtaelewa tu.

Haya.

Miaka hiyo sote tulikuwa citoyen, yaani raia, ndivyo serikali ilivyotaka tuitane, mkubwa na mdogo. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, mwalimu wa sekondari kwa kazi, mwandishi wa riwaya kwa imani. Riwaya yenyewe ilikuwa kwenye madaftari manne chini ya kitanda.

Tulikuwa na kikundi chetu, vijana sita. Kila Jumamosi mchana tulikaa darasani tukisomeana tulichoandika. Tuliamini kabisa kwamba sentensi iliyokaa sawasawa inaweza kumfanya askari aondoe kizuizi barabarani.

Chekeni. Hata mimi leo nacheka, ila si kwa raha.

Aliyenilea Bunia ni mjomba wangu, kaka wa mama. Tulimwita Noko, kama wengi wa hapa wanavyomwita mjomba. Jina lake ni Ukelo.

Alikuwa fundi cherehani. Mashine yake ilikaa barazani, kwenye kiwanja chake cha kona, karibu na njia ya kwenda sokoni. Alikuja mjini kijana akiwa na mkasi mmoja, na kiwanja kile, parcelle kama tunavyosema, ndicho kitu pekee alichowahi kujivunia mbele za watu. Mke wake tulimwita Mama Afoyo, kwa jina la binti yao wa pekee. Afoyo mwenyewe wakati huo alikuwa anasomea uuguzi.

Noko alikuwa na utani wa taratibu, ule usiokunjua hata uso. Siku nilipomsomea ukurasa wa kwanza wa riwaya yangu alisikiliza hadi mwisho, pini mdomoni. Kisha akaniambia nigeuke.

"Suruali iko inapasuka huku nyuma," alisema. "Vua. Noko ya mwandishi hawezi kuacha mwandishi atembee matako inje."

Nikakaa nimejifunga kitenge cha Mama Afoyo, naye akashona. Alipokata uzi kwa meno ndipo akasema kwamba ukurasa ule ulikuwa mzuri, hasa pale penye mvua.

Sisi ni Waalur. Asili yetu ni milima ya Mahagi. Kwa wasiojua, mpaka uliochorwa na wageni ulipita katikati yetu, wengine tukabaki huku, wengine wakaamkia Uganda. Kwenye kilima cha babu yangu mzaa mama, mpaka wenyewe ni njia ya miguu na mawe machache. Noko alizaliwa huku. Kaka yake mkubwa, Wathum, alikuwa amehamia shamba la upande wa mama yao, umbali ambao mtu akiita kwa sauti anaitikiwa. Huko ni Uganda.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini alifika Bunia mtengenezaji filamu kutoka Kinshasa. Nitamwita Lokuli. Alikuwa na kamera moja, fundi wa sauti mmoja, kibali chenye mihuri, na wazo: filamu juu ya watu wamoja wenye bendera mbili. Alitafuta mtu wa kuandika maneno ya filamu na kuyasoma kwa Kiswahili. Wakamleta kwangu.

Nilikubali kabla hajamaliza kueleza. Hata malipo sikuuliza. Niliona mbele yangu ukuta mweupe, watu wamejaa, na sauti yangu inatoka gizani.

Tukapanda na gari la mzigo, tukapita Djugu, tukaacha njia ya kwenda Bambu kwenye dhahabu, tukafika milimani tumejaa vumbi hadi kope. Ulikuwa msimu wa kuvuna ulezi. Noko na Mama Afoyo walikuwa wameshatangulia, kama kila mwaka.

Siku nne tulipiga picha upande wetu: wanawake mashambani, soko, misa, mazungumzo ya wazee. Siku ya tano tukaenda kuvuka.

Ng'ambo kulikuwa na vita wakati huo. Wakimbizi walikuwa wanaingia kwetu kwa makundi, na godoro na mbuzi. Mahali pa kuvukia tulimkuta askari wa upande wa pili, mchanga, amechoka. Aliangalia mihuri ya Lokuli kama mtu anayeangalia picha za harusi ya watu asiowajua. Akasema sisi tunaweza kupita, kamera haipiti.

Lokuli alirudi akakaa juu ya sanduku la filamu.

"Film ya pande mbili yenye upande moja," alisema. "Hiyo ni nini? Ni carte postale, picha ya kutuma posta."

Wakuu, hapa ndipo pa kwangu. Wazo lilikuwa langu, si lake.

Nilimwambia nyumba ya babu ina uwanja wa mbele na uwanja wa nyuma. Mbele tumeshapiga. Nyuma inatazama kilima kingine, hakuna aliyepaona. Tukigeuza kamera, migomba ni ileile, nyasi za paa ni zilezile, watu ni walewale. Tukisema ni Uganda, itakuwa Uganda. Nani atajua? Na hivyo si ndivyo filamu inavyotaka kuthibitisha, kwamba hakuna tofauti?

Lokuli akacheka, akanishika kichwa kwa mikono miwili.

Sasa lazima niwaeleze desturi moja ya ukoo wa mama yangu, maana bila hiyo kisa hiki hakieleweki.

Ulezi mpya hauliwi kabla kila mtoto wa kiume wa nyumba ile hajaleta kiganja kimoja kwenye mawe matatu nyuma ya nyumba, kwa ajili ya waliotangulia. Wakatoliki tulikuwa, na Jumapili tulikwenda misa, lakini mawe yalikuwa pale. Asiyeweza kufika, ndugu yake humletea. Na anayeleta hasemi "hii ni ya kaka." Anasimama mahali pa kaka. Anasema: mimi fulani, nyumba yangu iko kule, nimekuja. Anaweka. Kisha anarudi nyuma hatua moja, kama mtu anayetoka mlangoni, anaingia tena, anataja jina lake mwenyewe, anaweka ya kwake.

Mwaka ule Wathum hakuweza kuvuka. Kwa hiyo Noko angemwekea, kamera iwepo au isiwepo.

Tulichofanya sisi ni kusogeza kamera.

Nilimweleza Noko mpango wote. Sikumficha kitu. Hakuona shida. Kusimama mahali pa kaka yake lilikuwa jambo alilokuwa amelifanya mara nyingi. Aliyecheka ni Mama Afoyo, akiwa na ungo mkononi.

"Kama leo weye iko ndugu yako," alimuuliza, "basi mi niko bibi ya nani?"

"Uko shemeki yangu," Noko akajibu. "Uniheshimu."

Alicheka hadi akaketi chini, na Lokuli akasubiri amalize.

Kisha Noko akaja na kiganja cha ulezi, amevaa koti lake la misa. Akasema kwa Kialur: mimi Wathum, nyumba yangu iko kule, nimekuja. Akaweka. Akarudi nyuma hatua moja. Akainua uso. Akaingia tena.

Mimi Ukelo, wa hapa, nimekuja na yangu.

Kamera ilikuwa bado inazunguka. Yote yaliingia.

Baada ya wiki kadhaa nilikwenda Kinshasa kusoma maneno. Chumba cha kukatia filamu kilikuwa kidogo na cha joto. Vipande vya filamu vilining'inia kwenye misumari kama nguo za mtoto zilizoanikwa. Nilikuwa nimeandika sentensi niliyoipenda kuliko zote nilizowahi kuandika. Bado naikumbuka: "Huyu ni Wathum, mtu wa Uganda. Bendera yake ni nyingine. Udongo wa miguuni mwake ni uleule."

Lokuli alisimamisha mashine.

"Huyu muzee anaingia mara mbili. Ya pili anasema nini?"

Nikamtafsiria.

"Wa hapa? Lakini siye tumesema hapa ni Uganda."

"Basi kata," nilisema.

Akasita. Akasema uso wa Noko mara ya pili ni mzuri zaidi, kwamba mara ya kwanza anasema maneno, mara ya pili anasema mwenyewe. Tunaweza kuacha sehemu zote mbili, alisema, na mimi niandike upya, nieleze desturi, watu wajue tulichofanya.

Niliona sentensi yangu inakufa.

"Kata," nilisema tena.

Akakata. Kipande kilikuwa na urefu wa mtu mzima. Akakining'iniza kwenye msumari, kikawa kinazunguka polepole kwa upepo wa feni.

Filamu ilioneshwa Bunia mchana mmoja, ukumbi wa parokia, mapazia yamefungwa. Walikuja walimu, wanafunzi, maofisa wa zone, yaani wilaya, watu wa soko. Noko alivaa koti lilelile, akakaa mstari wa mbele na Mama Afoyo. Uso wake ulipojaa ukutani, ukumbi ulivuma.

"Fundi," mtu alisema nyuma. "Kumbe fundi iko Muganda."

Watu wakacheka. Noko naye alicheka. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na projekta, nasikia sauti yangu, nalia kwa furaha. Nasema kweli: nililia.

Tulipotoka Noko aliniuliza jambo moja tu.

"Ile ya kwangu muliitoa?"

Nikamwambia filamu ina kipimo chake, haiwezi kubeba kila kitu. Akatikisa kichwa kama mteja aliyeambiwa kitambaa hakitoshi mikono mirefu.

Jina likamganda. Muganda. Wateja walimtania: Muganda, suruali yangu iko tayari? Alijibu kwamba suruali bado iko forodhani. Kwa mwezi mmoja hivi ulikuwa utani mzuri tu.

Kisha ukaja wito.

Wakati ule ofisi zilikuwa zinahakiki wageni, kwa sababu ya wakimbizi. Asiye raia hakuruhusiwa kubaki na kiwanja. Wengine walisema kuna mtu alikitaka kiwanja kile cha kona. Sina ushahidi, kwa hiyo nayaacha. Ninachojua ni kwamba Noko aliitwa, na siku ya pili niliitwa mimi.

Ofisa hakuwa mkali. Alikuwa na faili, na juu ya faili kitambulisho cha Noko. Noko mwenyewe alikaa kwenye benchi ukutani, kofia magotini.

"Citoyen, weye njo uliandika maneno ya ile film?"

"Njo mimi."

"Na sauti iko ya kwako?"

"Iko ya kwangu."

"Hapa muzee anaitwa Ukelo, muzaliwa wa Mahagi. Kwa film anaitwa Wathum, mutu wa Uganda. Anasema yeye mwenyewe, na kinywa yake. Batu yote ya ukumbi walisikia." Akafungua kalamu. "Ile maneno uliandika iko ya kweli ama iko ya uongo?"

Wakuu, naomba msome polepole hapa.

Filamu ilikuwa na kibali cha serikali. Kusema ni uongo ni kusema tuliidanganya serikali kwa muhuri wake yenyewe. Lokuli angepoteza kamera, mimi kazi. Tena filamu ilikuwa imepelekwa Ulaya kwenye mashindano, tunasubiri jibu, na maombi yangu ya pasipoti yalikuwa kwenye jengo lilelile, milango miwili mbele.

"Iko ya kweli," nilisema, "lakini..."

Alikuwa ameshaanza kuandika. Aliandika kwa mwandiko mzuri wa shule, bila haraka. Nikaeleza hiyo "lakini" yangu. Nikasema habari za ukweli wa sanaa, za ndugu wawili ambao ni kama mmoja. Akasikiliza kwa adabu. Kisha akasema fomu haina mahali pa kuandika hayo.

Sikusema tuligeuza kamera. Maneno mawili tu. Sikuyasema.

Noko akasimama.

"Chef, kuko kipande ingine," alisema. "Pale nasema jina yangu, nasema niko wa hapa. Walikata, lakini kiko. Mutoto wa dada yangu atakileta."

Ofisa akanigeukia. Kiko wapi? Kinshasa, nikasema. Akasema kikifika kabla kiangazi hakijaisha atakitazama, na yeye hana ugomvi na fundi. Koti alilovaa alishonewa na fundi huyohuyo.

Tulipotoka jua lilikuwa kali. Noko akavaa kofia.

"Barua utaandika lini?"

"Leo," nikasema.

Sikuandika siku ile. Kukiomba kile kipande ilikuwa sawa na kukiri, na nilitaka kwanza jibu la Ulaya lije, pasipoti itoke, ndipo nikiri nikiwa nimesimama mahali pa juu. Nilijiambia kiangazi ni kirefu. Kila nilipopita barazani Noko aliuliza kama Kinshasa wamejibu. Nikasema posta inachelewa. Na posta kweli ilichelewa, ndiyo maana uongo huo ulikuwa mwepesi hivyo.

Baada ya muda akaacha kuuliza. Si kwamba alisahau. Nadhani alinihurumia.

Mchana mmoja nilimkuta anashona suruali yangu nyingine bila kuambiwa. Hakutania.

Niliandika mvua za kwanza zilipoanza. Lokuli alijibu upesi, barua fupi. Filamu haikuchaguliwa. Vipande vya pembeni vilishatupwa, chumba kilikuwa cha kukodi, na wenye chumba hawakumuuliza. Mwishoni aliandika kwamba kama ningemwambia mwezi uleule wa wito angekuja Bunia mwenyewe, na kipande mkononi, na angesema yote.

Wakati nasoma barua ile, faili la Noko lilikuwa limeshafungwa.

Kitambulisho hakikurudishwa. Kiwanja kiliandikwa kuwa cha mgeni, akapewa siku za kuondoka. Nakala ya karatasi ilipelekwa hadi Mahagi, kwa hiyo hata kwenye kilima cha baba yake chifu aliogopa kumwandika tena. Alifunga cherehani kwa mablanketi, akaipakia kwenye gari la mzigo. Nilisaidia kupakia. Mama Afoyo alishika upande mmoja, mimi upande wa pili, na hakuniangalia hata mara moja.

Akavuka kwenda kwa Wathum.

Na kule? Kule walimwita Muzairwa. Wakuu, sikutunga. Huku alikuwa Muganda, kule Muzairwa, na kati ya majina hayo mawili kuna njia ya miguu. Alishona chini ya paa la kaka yake kwa miaka miwili, akaugua kifua, akafa. Amezikwa nyuma ya nyumba ya Wathum. Kwenye mazishi sikufika. Njia ilikuwa imefungwa siku zile, huo ni ukweli, na pia ni kisingizio.

Mama Afoyo alirudi Bunia kwa binti yake. Tulisalimiana kanisani kama watu wanaosalimiana kanisani.

Ilipita miaka. Mwishoni mwa miaka ya themanini, Afoyo alikuja kwangu akiwa na sare ya hospitali. Hakukaa. Alisema hana picha ya baba yake. Iliyokuwapo ni moja tu, ile ya kitambulisho. Amesikia kopi ya filamu bado iko parokia.

Tulikwenda saa nane mchana. Padri alitupa ufunguo. Tukafunika madirisha kwa mablanketi, nikapitisha filamu kwenye projekta kama Lokuli alivyonifundisha. Nilimuuliza kama mama yake anakuja.

"Amesema uso anaujua," Afoyo alijibu. "Hana kazi na film."

Tukaangalia mashamba, soko, misa. Halafu Noko akaja ukutani na koti lake, na juu yake sauti yangu ya ujana, nene, imejaa yenyewe: Huyu ni Wathum, mtu wa Uganda.

"Yaya," Afoyo alisema, kama tunavyomwita kaka mkubwa. "Funga sauti yako."

Nikafunga.

Ikabaki mlio wa mashine tu. Noko akasema kimya, akaweka ulezi kimya. Akarudi nyuma hatua moja. Akainua uso, mguu mmoja umeshaanza kuja mbele. Na hapo picha ikaruka: kilima, mawingu, mwisho.

Afoyo alikuwa mtoto wa nyumba ile. Alijua kinachofuata.

"Na ya kwake?"

"Ilikatwa."

"Nani alikata?"

Nilikuwa na nafasi ya kumtaja Lokuli. Mkasi ulikuwa mkononi mwake, ningeweza hata kusema si uongo.

"Mimi," nikasema.

Akaniomba nirudishe nyuma. Nikarudisha. Tukamwona tena akirudi hatua, akiinua uso, akitoweka. Akaniomba tena. Mara ya nne aliniuliza kama naweza kumsimamisha pale, kabla ya kuruka, abaki tu. Nikamweleza kwamba filamu ukiisimamisha mbele ya taa inaungua.

"Basi muache aende," alisema.

Tulikunja mablanketi pamoja, pembe kwa pembe. Mlangoni akageuka, na nilidhani labda atasema amenisamehe. Alisema mama yake anauliza siku hizi nani ananishonea suruali.

Sijajibu mpaka leo.

Ukumbi ule na vilivyokuwamo havikuvuka vita vilivyokuja baadaye. Kopi haipo tena. Lokuli simjui alipo. Kilichobaki cha filamu ile ni mimi na kumbukumbu yangu, na mmeshaona kumbukumbu yangu ilivyo na tabia ya kukata.

Funzo nililobaki nalo, kwa yule mdau aliyeuliza: ndiyo, filamu inaweza kuwaunganisha watu wa pande mbili. Yetu iliwaunganisha vizuri kiasi kwamba hakuna aliyeweza kuona tofauti, na ofisi ikachagua yenyewe nani ni wa wapi. Ninyi vijana mnaopiga video mipakani na simu zenu, kabla hamjaweka sauti yenu juu ya uso wa mtu, mwacheni ataje jina lake. Na akishalitaja msilikate, hata kama linaharibu sentensi nzuri. Na ukishakata, andika barua siku ileile.

Wenye ndugu ng'ambo ya mpaka wowote, Aru, Boga, Namanga, Kasumbalesa, popote, semeni hapa chini: nani amewahi kuwasemea, na alisema nini. Wa kunilaumu pia karibuni, nitasoma yote.

Nimewaambia jina moja sikulibadilisha. Mwaka huu nilikwenda kilimani msimu wa ulezi. Nyumba haipo, mawe yapo. Mimi si mtoto wa kiume wa nyumba ile, mimi ni wa dada, na kwa desturi sina haki ya kuweka. Lakini hakuna mwingine aliyebaki wa kusimama mahali pake, kwa hiyo nilisimama, na leo nasimama tena hapa, mbele yenu.

Mimi Ukelo, wa hapa, nimekuja na yangu.